Sura ya Saba: Rekodi Inapokataa Kalamu

Hifadhidata ya kompyuta ya mezani, ambayo baadhi ya waandishi huiita kanzidata, ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa katika majedwali na kutunzwa ndani ya mashine moja au katika mtandao mdogo wa ofisi, na kazi yake kubwa imerithiwa kutoka kwa daftari la karani. Daftari la karatasi halimkatalii karani jambo: akikosea hukata mstari, huandika juu yake, na akiwa mwangalifu hutia saini na tarehe pembeni ili atakayekuja baadaye ajue ni nani aliyebadilisha na lini. Hifadhidata inaweza kumkatalia. Mtumiaji hubonyeza herufi na herufi isitokee, au ikatokea lakini rekodi ikagoma kuhifadhiwa, au mstari mtupu wa chini, ule wenye alama ya nyota pembeni ambao kwa kawaida hupokea rekodi mpya, ukawa haupo kabisa. Hali hiyo huitwa kusoma tu, kwa maana kwamba taarifa zinaonekana, zinatafutika na zinachapishika, lakini hazibadilishiki.

Mji Mkongwe wa Unguja unafaa kuwa mfano wa sura hii kwa sababu ni mji ambao kwa miongo kadhaa umelazimika kuandikwa nyumba kwa nyumba. Mamlaka ya uhifadhi wa mji huo iliundwa mwaka 1985, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katikati ya miaka hiyo, mwanzoni mwa muongo wa 1990, ulifanyika ukaguzi uliohusu majengo zaidi ya 1,700, ambao ulikuja kuwa msingi wa mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa ushirikiano na Aga Khan Trust for Culture. Kila jengo lina mtaa, mmiliki, matumizi, hali ya kuta na paa, na daraja la hifadhi. Majengo mengi ni mali ya wakfu, yaani mali iliyofungwa na mwenyewe ili mapato yake yaende kwa msikiti, kwa madrasa au kwa kizazi chake, na isiuzwe. Taarifa za namna hiyo hubadilika kila mwaka huku ukweli wake wa zamani ukihitaji kubaki, na hapo ndipo hoja ya nani aruhusiwe kubadilisha nini inapokuwa nzito. Majedwali yatakayotajwa hapa yametungwa kwa ajili ya maelezo tu, wala si nakala ya daftari la taasisi yoyote.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katazo la kuhariri huwa na mwenyewe. Katika programu mbili zinazotumika sana mezani, Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, na Base, iliyoingia katika OpenOffice.org mwaka 2005 na sasa ni sehemu ya LibreOffice, katazo linaweza kutoka kwenye faili, kwenye kufuli lililowekwa na mtumiaji mwingine, kwenye jedwali lenyewe, kwenye hoja inayochota taarifa katika majedwali, au kwenye fomu, yaani ule ukurasa wa skrini wenye visanduku vya kujazia. Kwa mtumiaji yote haya huonekana sawasawa, kwa kuwa herufi haiingii, na kwa sababu hiyo wengi hukimbilia kuondoa programu na kuisakinisha upya, kazi ya saa nzima ambayo aghalabu haitibu chochote kwa vile katazo limo ndani ya faili na si ndani ya programu. Kipimo cha kuanzia ni kuifunga fomu na kulifungua jedwali lenyewe moja kwa moja, kisha kujaribu kuongeza herufi moja katika uga usio na madhara, kama ule wa maelezo ya ziada, na kuifuta baadaye. Uga ni sehemu moja ya rekodi, sawa na safu wima moja ya daftari. Jedwali likikubali, basi kosa limo katika hoja au katika fomu; likikataa, hakuna haja ya kupoteza muda na fomu, kwani fomu haiwezi kutoa ruhusa ambayo jedwali halina.

Sababu inayokutwa mara nyingi jedwali linapokataa, hasa katika Base, ni kukosekana kwa ufunguo msingi. Ufunguo msingi ni uga, au mchanganyiko wa nyuga, ambao thamani yake haijirudii kamwe na haiachwi tupu, kiasi kwamba kwa kuitaja thamani hiyo peke yake rekodi moja, na moja tu, inapatikana. Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM aliyechapisha mwaka 1970 makala iliyoweka misingi ya hifadhidata za majedwali, aliliona jedwali kuwa ni seti, na katika seti hakuna vitu viwili visivyotofautishika. Watengenezaji wa programu walilegeza sharti hilo wakaruhusu majedwali yasiyo na ufunguo yawepo, lakini Base hulipa gharama ya ulegevu huo kwa kukataa kuyahariri. Mtu anapotengeneza jedwali jipya bila ufunguo na kutaka kulihifadhi, Base humuuliza kama itengeneze ufunguo kwa niaba yake. Akijibu hapana kwa haraka, jedwali huhifadhiwa vizuri, hufunguka vizuri, na halipokei hata neno moja.

Ukali huo una mantiki, na Mji Mkongwe unaionyesha vizuri kuliko mji wenye barabara zilizonyooka na nyumba zenye namba. Katika vichochoro vya Kiponda, Malindi, Mkunazini na Shangani nyumba imezoeleka kutajwa kwa jina la aliyeijenga, la aliyeiweka wakfu, la msikiti ulio karibu, au la biashara iliyokuwa chini yake ambayo pengine ilifungwa zamani. Karani akiandika majengo kwa namna yanavyojulikana, ataishia kuwa na mistari miwili isemayo: Kiponda, wakfu, ghorofa mbili, mawe na chokaa, boriti za mikoko, hali mbaya. Ni nyumba mbili tofauti, moja ina mlango wa nakshi na nyingine mlango wake uling'olewa, lakini tofauti hiyo haikuandikwa. Siku fundi anapomaliza kukarabati moja kati yake na karani akataka kugeuza neno mbaya kuwa nzuri, programu inapaswa kutuma amri kwenye hazina ya taarifa isemayo: badilisha hali ya rekodi ambayo ni hii. Ikisema badilisha rekodi yenye mtaa Kiponda, umiliki wakfu na ghorofa mbili, itageuza zote mbili, na nyumba iliyokaribia kuanguka itasomeka kuwa imeshakarabatiwa. Mtu asiyeupenda ukali wa programu ajiulize ni kosa gani lililo rahisi kulirekebisha: karani aliyezuiwa kuandika, ambaye atalalamika papo hapo, au nyumba mbovu iliyoandikwa nzuri, ambayo haina wa kuilalamikia mpaka ukuta udondoke.

Jina la mwenye mali nalo halifai kuwa ufunguo, kwa kuwa majina ya pwani hujirudia baba kwa mjukuu, na jina lile lile huandikwa Salum, Salim au Saleem kutegemea aliyeshika kalamu. Namba ya kiwanja inafaa pale ilipo, ila majengo mengine yamegawanywa, mengine yameunganishwa, na mengine yana namba ya ukaguzi wa zamani isiyolingana na mpya. Njia iliyo salama ni kuipa kila rekodi namba isiyo na maana yoyote nje ya hifadhidata, inayotolewa na programu yenyewe kwa mfululizo, na kuziacha namba za viwanja na za ukaguzi zikae katika nyuga zake kama taarifa za kawaida zinazoweza kusahihishwa. Kwa jedwali ambalo tayari lina rekodi, njia nyepesi katika Base ni kulinakili na kulibandika palepale katika orodha ya majedwali. Kisanduku cha kunakili hufunguka na kutoa nafasi ya kuweka alama ili uga mpya utengenezwe uwe ufunguo msingi, na jedwali jipya linapozaliwa huwa na rekodi zilezile pamoja na namba zake, likiwa tayari kupokea kalamu. Jedwali la zamani lisifutwe siku hiyo. Lisubiri hadi idadi ya rekodi katika yote mawili ilinganishwe na fomu zielekezwe kwenye jipya. Katika Access hali ni pana zaidi kidogo, kwani jedwali lililomo ndani ya faili yenyewe huharirika hata bila ufunguo. Tatizo hujitokeza pale jedwali linapokuwa limeunganishwa kutoka kwenye seva ya SQL, ambapo lisipokuwa na ufunguo au faharasa ya kipekee Access huliunganisha kwa kusoma tu.

Kama jedwali lina ufunguo na bado linakataa, macho yahamie kwenye faili na kufuli zake, na hapa historia ya umeme wa Zanzibar inaingia moja kwa moja katika somo. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Kebo ya kwanza iliwekwa mwaka 1980, na ilipopata hitilafu kisiwa kilikaa gizani kwa takribani mwezi mmoja kati ya Mei na Juni 2008, kisha kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010; kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Katika kipindi kile kirefu waliokuwa na uwezo walitegemea majenereta, na anayejua jenereta anajua kwamba mafuta huisha katikati ya sentensi. Kwa hifadhidata, kukatika ghafla kwa umeme kuna madhara mawili yasiyofanana, na ni muhimu yasichanganywe.

La kwanza ni kufuli lililoachwa. Programu inapofungua hifadhidata huandika kando yake faili dogo la kufuli, linalotangaza kwamba fulani, kwenye kompyuta fulani, analitumia faili hili. Katika Access faili hilo lina jina lilelile la hifadhidata likiwa na kiambishi laccdb mwishoni, au ldb kwa mafaili ya kabla ya mwaka 2007. Katika LibreOffice huanza kwa nukta na alama ya wimbi, hufuatiwa na neno lock na jina la faili, humalizikia kwa alama ya reli, na kwa kawaida halionekani mpaka folda iagizwe kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Mtumiaji akifunga kwa utaratibu, kufuli hufutwa lenyewe. Umeme ukikatika hakuna wa kulifuta, na asubuhi yake programu inapoliona huamini kuwa mwenye faili bado yuko kazini, hivyo LibreOffice humwambia anayefungua kwamba faili limefungwa na mtu mwingine, ambaye mara nyingine ni yeye mwenyewe wa jana jioni, na kumpa nafasi ya kulifungua kwa kusoma tu. Anayekubali bila kusoma ujumbe huo hufanya kazi ya kutwa nzima akijiuliza kwa nini visanduku vimegoma.

Kuliondoa kufuli la namna hiyo ni halali, ila kwa mpangilio. Kwanza ihakikishwe kwamba hakuna kompyuta nyingine ofisini iliyolifungua faili, na uhakika huo hupatikana kwa kwenda kuangalia skrini za wenzako chumba kwa chumba, kwa kuwa kuita kutoka kwenye kiti hakutoshi. Pili inakiliwe hifadhidata yote mahali pengine. Tatu ndipo faili la kufuli lifutwe, na hifadhidata ifunguliwe upya. Anayefuta kufuli wakati mwenzake bado anaandika huondoa kitu pekee kilichokuwa kikizuia watu wawili kuandika juu ya ukurasa mmoja, na faili linaweza kuharibika kiasi cha kutofunguka tena.

Madhara ya pili ya umeme hayahusu katazo, nayo ni makubwa zaidi. Faili la Base lenye kiambishi odb, pale injini yake ya ndani inapokuwa HSQLDB, ni kama mkoba uliofungwa: linapofunguliwa yaliyomo hutolewa na kufanyiwa kazi kwenye kumbukumbu ya muda, na hurudishwa ndani ya mkoba pale mtumiaji anapohifadhi hifadhidata nzima au anapoifunga. Kuhifadhi rekodi moja moja katika fomu hakutoshi, kwa kuwa umeme ukikatika kabla ya hapo rekodi hizo zinaweza kupotea. Ofisi inayotegemea Base bila betri ya akiba, ile inayoitwa UPS, iwe na mazoea ya kuhifadhi hifadhidata kila baada ya rekodi chache, au iigawe kazi hiyo kwa kuweka taarifa kwenye seva na kuiachia Base fomu na hoja tu.

Makatazo mengine ya faili yanaelezeka haraka. Faili lililofunguliwa moja kwa moja kutoka ndani ya faili la zip, au kama kiambatisho cha baruapepe kisichohifadhiwa kwanza kwenye diski, hukaa katika folda ya muda na aghalabu hukataa kuhaririwa. Lililonakiliwa kutoka kwenye CD, kama yalivyo matokeo ya miradi mingi ya zamani ya kuskani nyaraka, laweza kuja likiwa na alama ya kusoma tu ambayo huondolewa katika sifa za faili. Kadi ya kumbukumbu ya kamera ina kiswichi kidogo ubavuni ambacho kikisukumwa upande wa kufuli hakuna kinachoandikika. Faili la Access lililopakuliwa kwenye intaneti hufunguka likiwa na mstari wa onyo juu ya dirisha, na mpaka mtumiaji alikubali kuwa ni la kuaminika baadhi ya amri zake hazitekelezwi. Jambo moja linalosahaulika katika mitandao ya ofisi ni folda: mtumiaji anaweza kuwa na ruhusa kamili juu ya faili, lakini akikosa ruhusa ya kuunda faili jipya ndani ya folda hiyo, Access hushindwa kuandika kufuli lake na kuifungua hifadhidata kwa kusoma tu. Fundi atakagua ruhusa za faili mara kumi na kuziona ziko sawa.

Pale jedwali lenyewe linapoharirika na fomu ikakataa, mshukiwa wa kwanza ni hoja. Hoja ni swali lililohifadhiwa, ambalo kila likiulizwa huchota rekodi kutoka kwenye jedwali moja au zaidi na kuzipanga zionekane kama jedwali jipya. Jibu lake ni kivuli cha majedwali, na kuhariri kivuli kunawezekana pale tu programu inapoweza kujua ni rekodi ipi hasa inayotoa kivuli hicho. Codd alipotoa kanuni zake 12 mwaka 1985 aliligusa suala hilo katika kanuni ya sita, akitaka kila mwono, yaani kivuli cha namna hiyo, unaoweza kuharirika kinadharia uharirike na mfumo, na tangu wakati huo wataalamu wameandika mengi juu ya mpaka wa uwezekano huo. Mtumiaji wa kawaida anahitaji sehemu ndogo tu ya mjadala wao, na mfano wa kodi za wakfu unatosha kuieleza. Tuseme hoja inajumlisha kodi za mwezi za vyumba vya biashara mtaa kwa mtaa, na kwa Malindi inaonyesha shilingi 840,000 kutoka kwa wapangaji saba. Karani anajua kwamba jumla sahihi ni 900,000, anaweka kiteuzi juu ya tarakimu hiyo na kutaka kuibadilisha. Hizo 60,000 za nyongeza ziandikwe kwa mpangaji yupi? Programu haijui na haina haki ya kukisia. Hivyo hoja yoyote yenye jumla, wastani au hesabu ya idadi haihaririki, na kadhalika ile inayounganisha matokeo ya hoja mbili kuwa orodha moja, na ile iliyoagizwa kuondoa marudio, kwa sababu mstari mmoja wa jibu lake huenda unasimama badala ya rekodi tatu.

Hoja inayounganisha majedwali mawili iko katikati. Jedwali la majengo likiunganishwa na la wapangaji, jengo lenye wapangaji watano hutokea mara tano, na Access kwa kawaida huruhusu kuhariri upande wa wapangaji, mara nyingi na upande wa majengo pia, ambapo kubadilisha jina la mtaa katika mstari mmoja hulibadilisha katika mitano yote kwa kuwa ni rekodi moja iliyoonyeshwa mara tano. Base ni ngumu zaidi: hata hoja ya jedwali moja hukataa iwapo ufunguo msingi haukujumuishwa miongoni mwa nyuga zilizochaguliwa. Mtayarishaji wa hoja huuacha ufunguo nje kwa sababu namba ile haina mvuto machoni pa wasomaji, na bila kujua huikata kamba inayokifunga kivuli na rekodi yake. Urejeshwe katika hoja. Kama haupendezi, ufichwe kwenye fomu.

Fomu ndiyo ya mwisho, na makatazo yake ni ya kukusudia. Kila fomu ina sifa zinazosema kama inaruhusu kuongeza, kubadilisha na kufuta, na kila kisanduku kina sifa yake ya kufungwa. Kisanduku kinachoonyesha hesabu, kama eneo la chumba lililopatikana kwa kuzidisha urefu na upana, hakihaririki kwa sababu hakuna uga nyuma yake. Ipo sifa moja inayostahili kutajwa peke yake kwa sababu huwatia watu hofu isiyo na msingi: ile inayoifanya fomu iwe ya kuingiza rekodi mpya tu. Ikiwashwa, fomu hufunguka tupu, na karani aliyeingiza majengo 300 huamini kwamba yote yamepotea, kumbe yamo kwenye jedwali yakiwa salama. Wapo waliorudia kuingiza kazi nzima kwa sababu ya sifa hiyo, na marudio hayo kuyasafisha ni shida kuliko kuyaingiza.

Kuna kukataa kwa aina nyingine ambako rekodi huandikika vizuri lakini hugoma kuhifadhiwa, na kwa Zanzibar mfano wake bora ni tarehe. Hati za zamani za wakfu, za mauziano na za mirathi, ambazo nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu, zina tarehe za Hijria. Mwenye kuingiza hati ya tarehe 29 Safar 1325, ambayo ni ya mwaka 1907 Miladia, akiandika 29/2/1325 katika uga wa tarehe, programu huikataa, kwa kuwa inahesabu kwa kalenda ya Miladia na mwaka 1325 Februari haikuwa na siku ya 29. Kukataa huko ni bahati. Hati ya siku moja nyuma yake, 28/2/1325, inapokelewa kimyakimya, na kuanzia hapo hati ya enzi za Sultani Ali bin Hamud imewekwa karne sita nyuma, kabla hata ya Wareno kufika pwani. Asiyejua sababu huona rekodi 28 zimeingia na ya 29 imekataa, akaibadilisha ya 29 ili ifanane na zilizopita. Dawa ni kuacha kuutumia uga wa tarehe kwa Hijria: siku, mwezi na mwaka wa Hijria ziwe nyuga tatu za namba, na tarehe ya Miladia iliyogeuzwa iwe katika uga wake wa tarehe, ikiandamana na uga mwingine unaosema kama ugeuzaji ni wa hakika au wa kukadiria, kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana na tofauti ya siku moja ni jambo la kawaida.

Yamebaki majedwali yasiyomo ndani ya hifadhidata bali yameunganishwa kutoka nje. Lahajedwali la Calc au faili la maandishi lililotenganishwa kwa mkato, lile la CSV, likiunganishwa na Base husomeka tu, na hakuna sifa ya kubadilisha ili liharirike. Lazima liingizwe ndani na kupewa ufunguo. Katika Access sababu ya katazo la lahajedwali za Excel ilitoka mahakamani. Mvumbuzi kutoka Guatemala, Carlos Armando Amado, aliishtaki Microsoft huko Marekani kwa kutumia njia aliyokuwa na hataza yake ya kuunganisha Excel na Access, na mwaka 2005 baraza la mahakama likampa ushindi wa karibu dola milioni 9. Kampuni ikaiondoa njia hiyo, na kazi iliyokuwa ikifanyika katika matoleo ya awali ikakoma. Aliyefundishwa Access ya zamani na kuirithisha mbinu hiyo kwa wanafunzi wake hana kosa lolote alilofanya kwenye kompyuta yake.

Katazo la CSV linakutwa pia katika programu za ramani, ambazo Unguja zimepata watumiaji wengi tangu mwaka 2016, pale Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walipoanza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Kijana anayefungua katika QGIS orodha ya majengo iliyohifadhiwa kama CSV, ikiwa na viwianishi vya kila nyumba, huyaona majengo yote yakijipanga juu ya picha ya vichochoro kama yalivyo, lakini alama ya kalamu katika upau wa zana inabaki na rangi ya kijivu. Akilihifadhi tabaka hilo upya katika muundo wa GeoPackage, ambao ndani yake ni hifadhidata kamili yenye namba kwa kila rekodi, kalamu hupata rangi.

Kwa ile nyumba ya Kiponda, baada ya jedwali kupewa namba zake na mstari wa nyota kurudi chini, karani huweka kiteuzi katika uga wa hali na kulifuta neno mbaya. Pembeni ya rekodi hutokea penseli ndogo, ishara kwamba kilichoandikwa bado kiko mkononi mwake na hakijafika kwenye jedwali. Anaandika nzuri, anashuka mstari mmoja, penseli inatoweka, na rekodi ya pili, ya nyumba iliyong'olewa mlango, inabaki ikisema mbaya.